Shajara ya mradi: mafuta ya kulainisha mashine za mawese yasiyochacha upesi, Kigoma

Januari, shule zikiwa bado zimefungwa

Kwa anayeanza kusoma hapa: tunatafuta mafuta ya kulainishia mashine za kukamulia mawese, yatokane na mimea, na yasigeuke gundi kabla ya kazi kuisha. Tuko watatu. Mimi nafundisha kemia sekondari. Fundi ana karakana Gungu anakochonga shafti na kubadilisha beringi. Wa tatu ni mama mmoja wa Ujiji anayepika sabuni ya mise (mafuta ya kokwa la chikichi), na kuhusu mafuta na kostiki anayajua kwa mkono mambo ambayo mimi nimeyasoma tu.

Sababu ya mradi iko kwenye mashine yenyewe. Parafujo kuu inazunguka ndani ya bushi (bomba fupi la metali linaloishikilia), na bushi iko sentimita chache tu kutoka mahali mawese yanapochuruzikia. Mwenye mashine akiwa na fedha hutia oili mpya. Asipokuwa nazo hutia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki. Inayodondoka pale haina pa kwenda isipokuwa ndani ya ndoo, na ndoo inakwenda sokoni. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini imebeba unga wa chuma, masizi na mabaki ya mafuta yaliyoungua. Hakuna anayependa kuyala, ila hakuna anayeyaona, kwa sababu mawese ni mekundu na mazito na yanaficha kila kitu.

Nilipomweleza fundi kwamba nataka kutia mafuta ya mimea alicheka. "Mwalimu, mafuta ya kula kwenye bushi? Mbona yatakuwa gundi. Mimi nimeshakwangua gundi ya namna hiyo kwa patasi."

Kweli tupu. Mafuta ya mimea yanateleza vizuri kuliko watu wanavyodhani, maana molekuli zake zina kichwa kinachopenda kung'ang'ania chuma. Yanakoshindwa ni kukaa. Kwa hiyo mradi huu ni wa kuzuia kuchacha, na ulainishaji wenyewe utafuata.

Januari, baadaye kidogo

Fundi aliomba nimweleze kinachotokea ndani ya mafuta yanapochacha. Naandika kama nilivyomweleza, kwa sababu kila uamuzi tutakaoufanya unategemea hapa.

Mafuta yametengenezwa kwa mikia mirefu ya asidi-mafuta. Mkia wenye kiungo maradufu (kaboni mbili zilizoshikana mara mbili) una sehemu dhaifu jirani na kiungo hicho: hidrojeni iliyoko pale hung'oka kirahisi kwa joto, kwa mwanga, au ikiguswa na metali. Ikishang'oka, kinachobaki ni radikali huru, molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Hiyo hudaka oksijeni ya hewani, ikawa radikali ya peroksi, nayo huenda kung'oa hidrojeni ya mkia wa jirani. Jirani naye anakuwa radikali, na mnyororo unaendelea. Peroksidi zinazoachwa njiani hazitulii. Huvunjika kuwa aldehidi na ketoni, ambazo ndizo ile harufu, na asidi, ambazo hula bushi. Mwisho mikia iliyojeruhiwa huungana yenyewe kwa yenyewe, mafuta yanakuwa mazito, kisha utandu wa njano unaonata. Hiyo ndiyo gundi ya patasi.

Antioksidanti ni kitu kinachokatiza mnyororo huo. Fenoli, na mimea imejaa fenoli, huitoa hidrojeni yake kwa hiari ili radikali ya peroksi itulie, na yenyewe ikibaki radikali huwa mvivu, haina nguvu ya kumshambulia jirani. Fanya ni mzee wa mtaa anayelipa deni la mgomvi kwa mfuko wake ili ugomvi usisambae: anasaidia mpaka fedha zitakapomwishia. Kuna kundi la pili linalovunja peroksidi kwa upole kabla hazijaleta madhara. Kwenye oili za injini kazi hiyo hufanywa na viungio (vitu vya kuongezwa kwenye oili) vyenye zinki, fosforasi na salfa. Na kuna kundi la tatu, vitu vinavyokumbatia shaba na chuma vilivyoyeyuka ili visichochee.

Viwandani hutumia fenoli za kutengenezwa kama BHT na amini za aromatiki, kwa kawaida chini au karibu ya asilimia moja ya uzito wa oili. Sisi tunataka kujua mimea inayopatikana Kigoma inaweza kufika wapi. Nategemea kundi la kwanza na la tatu. La pili sina matumaini nalo.

Februari: mafuta ya msingi

Kabla ya kiungio, msingi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, wanachukua mafuta mabovu halafu wanatafuta dawa ya kuyaokoa.

Alizeti niliikataa kwa hesabu tu. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kiasi cha asilimia 60, na linoleiki huoksidika takriban mara kumi upesi kuliko oleiki. Mawese yana linoleiki karibu asilimia 10 tu, oleiki karibu 39, na palmitiki karibu 44 ambayo haina kiungo maradufu kabisa. Kwa uimara, mawese yanashinda bila ubishi. Tena mawese mabichi yana vitamini E yake yenyewe, tokoferoli na tokotrienoli, kati ya miligramu 600 na 1,000 kwa kilo, pamoja na karotini inayoyapa wekundu. Yaani antioksidanti tayari imo, bure, na yale yanayosafishwa kiwandani mpaka yakawa meupe hupoteza sehemu yake. Sisi tunayataka mekundu.

Tatizo la mawese ni palmitiki hiyo hiyo. Asubuhi ya baridi dumu lina uji. Mama wa sabuni alilitatua bila maelezo marefu: pasha mpaka yayeyuke yote, acha yapoe taratibu kwenye ndoo yenye mfuniko kwa siku mbili mahali pasipo na upepo, kisha mimina sehemu ya juu kupitia kitambaa. Kinachobaki chini, kigumu, anakichukua yeye kwa sabuni. Sehemu ya juu, mawese teketeke, ndiyo yetu. Mise tuliiacha: inaganda mapema na povu lake halimfurahishi fundi.

Mawese teketeke ni mepesi kwa bushi inayozunguka polepole ikiwa na mzigo mkubwa. Mnato wake kwenye nyuzi 40 ni kama 40 kwa kipimo kinachotumika kwenye madaraja ya oili za viwandani, yale ya VG 32, 46, 68 na kuendelea. Mafuta ya nyonyo yanafika karibu 250. Kwa hesabu, sehemu moja ya nyonyo kwa mbili za mawese teketeke inatuweka jirani na 68; nusu kwa nusu na kidogo inaelekea 100. Tumechagua kuanza na moja kwa mbili.

Nyonyo ni mafuta ya heshima katika fani hii. Ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zenye injini za rotari, ambazo silinda zake huzunguka, zilikuwa zikinywa nyonyo, na jina la Castrol limetokana na jina lake la Kiingereza. Hapa inaota yenyewe pembezoni mwa viwanja. Angalizo: mashudu yake yana sumu, risini, asipewe mbuzi wala kuku. Sumu hiyo haiendi na mafuta yaliyokamuliwa vizuri na kuchujwa. Fundi aliuliza kama nyonyo ikidondoka kwenye mawese itawaharisha wateja. Matone hayo hayafiki hata chembe ya kipimo cha dawa, ila swali lenyewe limebaki utani wa karakana.

Februari, kuhusu asidi

Mawese ya kununua barabarani tuliyopima yana asidi kubwa mno. Sababu inajulikana: chikichi lililopondeka au lililorundikwa siku nyingi hufunguliwa na kimeng'enya chake lenyewe, lipasi, kinachokata mikia na kuacha asidi huru. Kuchemsha mapema hukiua kimeng'enya. Kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mawese mabichi ya kula kinaruhusu namba ya asidi (miligramu za alkali za kutuliza asidi ya gramu moja ya mafuta) hadi 10, na kwa bushi ya aloi ya shaba hiyo 10 tayari ni balaa, maana asidi hulamba shaba na sabuni ya shaba inayozaliwa huyeyuka ndani ya mafuta na kuwa kichocheo kikali cha kuchacha.

Tumekubaliana: chikichi lichemshwe siku lilipoangushwa, kwenye kundi letu dogo, hata kama kazi ni ngumu zaidi. Mama alijitolea pia kuyaosha kwa kostiki kidogo, kwa kipimo cha kutoa asidi tu. Yanayogeuka sabuni anabaki nayo. Baada ya hapo tunaosha kwa maji ya moto na kupasha mpaka yaache kutoa sauti ya maji. Maji yakibaki, kazi yote bure.

Upimaji wenyewe ulinisumbua. Tunadondosha alkali mpaka kiashiria kigeuke rangi, ndipo tujue asidi imeisha. Fenoftalini inageuka waridi, na waridi ndani ya mafuta mekundu hauonekani. Thaimoloftalini inageuka buluu. Juu ya rangi ya chungwa buluu huonekana kijani chafu, na macho yanaupata. Ukitia spiriti nyingi na kutikisa, tabaka la juu nalo linasaidia. Spiriti lazima itulizwe kwanza kwa alkali yenyewe, la sivyo unapima asidi ya spiriti.

Machi: chombo cha kupimia

Maabara kubwa hupima kwa chombo chenye oksijeni ya shinikizo, nyuzi 150, waya wa shaba na maji kidogo ndani, kisha husubiri shinikizo lianguke. Hatuna. Tulichonacho ni sufuria.

Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa ufukweni maji huchemka karibu na nyuzi 97. Maji yanayochemka hayapandi zaidi, hata mkaa uongezwe vipi. Hicho ndicho kidhibiti joto chetu. Chupa za kioo zimesimama ndani ya sufuria pana lenye mbao yenye matundu juu, maji yanaongezwa yakiwa ya moto, na umeme ukikatika jiko haliujali.

Hewa inaingia kwa mrija mwembamba kutoka pampu ya tangi la samaki. Kigoma kuna watu wanaovua samaki wa mapambo wa ziwani na kuwasafirisha nje, kwa hiyo pampu za namna hiyo si ngeni. Jirani mmoja ametuazima moja inayotumia betri. Kila chupa ina kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa kwa msasa, urefu uleule.

Kanuni ya kidole gumba: kila nyuzi 10 zikiongezeka, uoksidishaji huenda mara mbili. Fundi amegusa bushi zikiwa kazini na kupima kwa kipimajoto: hazipiti nyuzi 57 hivi zikiwa na afya. Kutoka 57 hadi 97 ni nyuzi 40, yaani mbili mara mbili mara mbili mara mbili, kumi na sita. Siku moja ndani ya sufuria ni kama nusu mwezi kwenye mashine. Kanuni hii ni ya kukadiria tu na tutaona hapa chini inavyoweza kudanganya.

Tunapima vitu vitatu. Asidi kwa bureti, mrija wenye vipimo wa kudondoshea alkali. Mnato kwa gololi ya beringi inayozama ndani ya mrija wa kioo, tukilinganisha na mafuta mapya. Na rangi: karotini huungua kabla ya mafuta, wekundu unapofifia kuelekea njano ujue ulinzi umeanza kuisha hata kama pua bado haijasema kitu. Namba ya peroksidi sikuitaka. Inapanda kisha inashuka, kwa kuwa peroksidi zenyewe huvunjika, na ukipima siku mbaya unaona namba ndogo ukashangilia mafuta yaliyooza.

Machi, mimea ya kwanza

Tulianza na vitu ambavyo kila makala huvisifu: majani ya chai ya kijani, majani ya mlonge, tangawizi, rosemari, karafuu. Tumevikausha kivulini, kusaga, kuloweka kwenye spiriti kali, kuchuja, kuacha spiriti iruke. Kinachobaki ni lami ya kijani au kahawia.

Chai ilikuwa na matumaini makubwa kwenye karatasi. Katekini zake ni kati ya fenoli zenye nguvu zinazojulikana. Tukaitia kwenye mawese, tukakoroga kwa moto mdogo, na kesho yake yote imelala chini ya chupa kama masimbi ya kahawa. Mlonge vilevile. Mafuta ya juu yake yalichacha pamoja na yale ambayo hayakutiwa kitu.

Hapo ndipo mradi ulipopata uti wake wa mgongo. Uwezo wa fenoli kupambana na radikali ukipimwa ndani ya spiriti hauniambii chochote kuhusu bushi. Kinachoulizwa kwanza ni kama itayeyuka ndani ya mafuta na kubaki humo. Katekini na asidi ya galiki zimejaa vikundi vya hidroksi, zinapenda maji. Kiwandani hutatua hili kwa kuiunganisha asidi ya galiki na mkia wa alkoholi, ndiyo propili galati na dada zake wenye mikia mirefu zaidi. Kwenye karakana ya Gungu hatuunganishi kitu.

Tukageuza njia. Badala ya spiriti, mafuta yenyewe yawe kiloweshi: rosemari kavu iliyosagwa ndani ya mafuta ya nyonyo, joto la kuvumilika kwa kidole kwa muda mfupi, saa kadhaa, kisha kukamua kwa kitambaa na kuacha itulie. Kisichoyeyuka kwenye mafuta hakitoki kwenye jani, basi hakuna cha kulala chini. Nimechagua nyonyo kwa loweko kwa sababu asidi yake ya risinoleiki ina kikundi cha hidroksi. Ni mafuta yenye upole kwa fenoli kuliko mawese, hata na spiriti yanachanganyika. Nyonyo inakuwa mchukuzi, halafu inaingia kwenye mchanganyiko kwa kipimo chake cha theluthi.

Rosemari ilitoa matunda. Ina asidi ya kanosiki na kanosoli, zote zinazoyeyuka kwenye mafuta. Ile asidi yake nyingine, ya rosmariniki, ni ya maji na inabaki kwenye makapi. Chupa yenye loweko la rosemari ilishika wekundu wake muda ambao chupa tupu (yenye mafuta yasiyotiwa kiungio) ilikuwa imeshakuwa njano na kuanza kunuka rangi ya milango. Tangawizi kavu iliifuata kwa nyuma kidogo. Tangawizi mbichi usijaribu: maji yake yanapandisha asidi.

Aprili, masika: karafuu

Karafuu ilitugawa. Yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni fenoli, na inayeyuka kwenye mawese bila kusukumwa. Fundi aliipenda kwa harufu. Kwenye sufuria ilianza kwa kishindo, asidi haikusogea, kisha ghafla ikaporomoka ikawa sawa na chupa tupu.

Nilikuwa tayari nimeandika "karafuu hapana" kwenye daftari la darasani, halafu mama akasema nyumba nzima inanukia karafuu. Bila shaka: yujenoli inaruka. Hewa ya pampu inayopita ndani ya mafuta ya nyuzi 97 ilikuwa inaibeba nje. Jaribio lenyewe lilikuwa linaiadhibu kwa kosa ambalo kwenye bushi iliyofunikwa, nyuzi hamsini na kitu, isingelifanya kwa kasi hiyo. Tukaweka chupa nyingine zilizofungwa nusu, bila pampu, kwenye sanduku la bati lenye joto la nyuzi 60 hivi. Huko karafuu inasimama vizuri sana, bega kwa bega na rosemari.

Kwa hiyo kanuni ya mara kumi na sita haifai kwa kitu kinachoruka. Naiweka karafuu akiba. Ni ghali pia, inatoka Zanzibar na Pemba, na ikifika Kigoma bei imeshapanda treni.

Aprili, dirishani

Chupa chache za ziada nilizisimamisha dirishani kwa makusudi, jua la mchana. Nilitaka kuona lami ya kijani ya mlonge itafanya nini kwenye mwanga. Kwenye mafuta ya karanga, ambayo hayana wekundu, chupa yenye mlonge ilichacha mapema kuliko karanga tupu. Klorofili hudaka mwanga na kuikabidhi oksijeni nguvu ya ziada, nayo hushambulia viungo maradufu moja kwa moja bila kusubiri mnyororo. Kwenye mawese mekundu haikutokea hivyo; karotini huizima oksijeni ya namna hiyo.

Anayetaka kutia majani mabichi kwenye mafuta na kuuza kwenye chupa angavu, afikirie. Sisi tutatumia madumu ya rangi, basi.

Mei: shaba

Hii ndiyo sehemu iliyonifunza zaidi. Chupa mbili, mafuta yaleyale, bila kiungio chochote. Moja ina waya wa shaba na nyingine haina. Ile isiyo na waya ilidumu kuliko chupa yenye waya na rosemari ndani. Soma tena. Kuondoa shaba kulisaidia kuliko kutia antioksidanti.

Bushi hatuwezi kuziondoa, ila tunaweza kuizuia shaba isiyeyuke na kuifunga iliyoyeyuka. La kwanza ni ile kazi ya mama ya kutoa asidi. La pili ni asidi ya sitriki, unga wanaotumia watengeneza juisi. Inaonekana kichekesho, kutoa asidi kisha kutia asidi, lakini kiasi chake ni kidogo mno, kama gramu moja kwa kilo kumi, na kazi yake ni kuzikumbatia ioni za shaba na chuma. Haiyeyuki vizuri kwenye mafuta, kwa hiyo tunaiyeyusha kwenye spiriti kidogo, tunaitia ikiwa bado ya moto huku tunakoroga, spiriti inaruka. Maji ya ndimu hayafai, unatia maji.

Rosemari na sitriki pamoja zilizidi jumla ya kila moja peke yake. Hilo linajulikana kwenye vyakula, nilitaka kuliona na shaba ikiwa ndani. Waya wa chupa hiyo ulitoka mwekundu umefifia tu. Wa chupa tupu ulitoka na kijani, na mafuta yake ya kijani.

Tulijaribu pia kuongeza rosemari maradufu. Faida ilikuwa ndogo, na chini kukawa na nta. Na vitamini E ya kuongeza kwa vidonge, ambayo fundi aliileta kutoka duka la dawa, haikusaidia kitu. Mawese yana yake ya kutosha, na alfa-tokoferoli ikizidi huweza kugeuka kichocheo.

Juni: kwenye mashine

Mwenye mashine mmoja upande wa Simbo amekubali, kwa sharti kwamba bushi ikiharibika tunanunua sisi. Fundi alifungua, akasafisha kwa dizeli, akafuta, akatia bushi mpya upande mmoja ili tujue tunapoanzia. Upande wetu unapata mchanganyiko wa nyonyo na mawese teketeke kwa dripu: chupa ya plastiki na mrija wenye bomba dogo. Upande wa pili unaendelea na grisi ya kopo kama kawaida.

Siku ya kufunga, wakati tunasubiri injini ipoe, fundi alisimulia ya Liemba, meli ambayo Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen na kuizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikono ya adui. Mafundi waliotumwa kuizamisha waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza waliipandisha mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Grisi ile ilikaa miaka minane ndani ya ziwa haijachacha. Yako, Mwalimu, itakaa?"

Nilimjibu kwamba ile ilikuwa kwenye baridi, chini ya maji, hewa haba, haizunguki. Ukimpa mafuta mapumziko hayo hata alizeti itaonekana shujaa. Bushi ya mawese ina joto, hewa, shaba, mvuke wa chikichi linalochemka pembeni, na kazi kuanzia alfajiri. Hakukubali sana. Liemba kwa watu wa Kigoma haibishiwi.

Julai, kiangazi

Matokeo ya kwanza ya mashine. Joto la bushi zetu ni sawa na la upande wa grisi, wakati mwingine chini kidogo. Hakuna utandu. Mafuta yanayokusanywa kwenye kikombe cha chini yamekuwa meusi kidogo kwa unga wa chuma, ila gololi inazama kwa muda unaokaribiana na wa mafuta mapya, na asidi imepanda taratibu.

Kasoro iko mahali ambapo sufuria haikutuonyesha. Mashine ikilala tangu Jumamosi hadi Jumatatu, kwenye ncha ya mrija kunatokea tone gumu linaloziba dripu. Ni filamu nyembamba, hewa inaizunguka kila upande, kiasi cha mafuta ni kidogo na antioksidanti iliyomo ni kidogo vilevile. Fundi ameongeza kifuniko juu ya ncha na anaifuta Jumamosi jioni. Anasema oili ya madini haihitaji kufutwa. Hilo ni kweli na naliandika dhidi yetu.

Jambo lingine: wafanyakazi wa mashine wameanza kupaka mafuta yetu mikononi. Yananukia rosemari.

Giaboksi sijaigusa na sitaigusa kwa mchanganyiko huu. Kule meno ya gia yanasukumana kwa shinikizo linalotaka viungio vya kuzuia kusagika, ile kazi ya salfa na fosforasi, na rosemari haina. Giaboksi imefungwa, haidondoki kwenye ndoo ya mtu. Iendelee na oili yake. Vivyo hivyo kwa wanaouliza kuhusu injini za boti za Kibirizi: hapana. Injini ni moto wa aina nyingine.

Agosti, hali ilivyo

Mchanganyiko tunaoendelea nao: theluthi ya nyonyo iliyoloweka rosemari kavu na tangawizi kavu kidogo, theluthi mbili za mawese teketeke yaliyotolewa asidi na maji, sitriki gramu moja kwa kilo kumi. Karafuu tunatia tone kwenye dumu la akiba tu, linalokaa limefungwa.

Gharama kubwa ni nyonyo, kwa sababu hakuna anayeilima kwa kuuza. Tunaokota na kukamua kidogokidogo. Rosemari tumepanda mstari nyuma ya karakana. Kama mawese yatazidi kuwa mengi kadiri miche ya tenera (michikichi chotara inayotoa mafuta mengi) kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga inavyozaa, msingi hautakuwa shida.

Kazi inayofuata ni kupima bushi zenyewe kwa maikromita zikifunguliwa mwisho wa msimu, upande wetu na upande wa grisi, na kutafuta maganda ya korosho kutoka kusini. Mafuta ya maganda hayo yakichomwa hutoa kadanoli, fenoli yenye mkia mrefu wa kaboni 15, iliyozaliwa ikiyeyuka kwenye mafuta na isiyoruka kama karafuu. Mafuta hayo ya maganda huchubua ngozi vibaya kabla ya kuchomwa, kwa hiyo glovu zitanunuliwa kwanza, maganda baadaye. Mwenye mashine ameomba dumu lingine kabla hatujamaliza kupima. Tumempa, na tumemwandikia tarehe ya kutengenezwa kwa rangi nyeupe ubavuni.